Kukesha na Jua

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, na nimeifanya usiku kuliko mchana. Ukizoea zamu unajua kazi yote iko kwenye makabidhiano: umeachiwa nini, nawe utaacha nini. Ndiyo maana siku nilipoelewa jua linavyochungwa nilicheka peke yangu mezani. Kumbe wanaolichunga nao ni watu wa zamu!

Matangazo ya hali ya hewa ya anga za juu, yaani vurugu za jua zinazoweza kugusa ndege, yalianza kutufikia Novemba 2019, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipozindua huduma hiyo. La kwanza kunifikia nililichomeka kwenye faili la pepo na mawingu, maana sikujua pa kuliweka. Ni mistari michache ya herufi kubwa: kituo kilicholitoa, kilichoathirika (redio ya HF, ile ya mawasiliano ya mbali, GPS au mionzi), latitudo zilizoguswa, na utabiri wa saa 6, 12, 18 na 24 mbele. Ukali una ngazi mbili tu, MOD (wastani) na SEV (kali).

Kilichonivutia ni jina la kituo. Leo Marekani, zamu ikigeuka, kundi la nchi za Ulaya linaloongozwa na Finland, kisha Australia, Kanada, Ufaransa na Japani kwa pamoja. Baadaye China na Urusi nazo zikaingia kwenye mzunguko. Hebu taja mambo mengine ambayo hao wote wanapokezana bila kununiana. Mimi nilikwama kabla ya kufika la pili.

Wala si upendo. Dunia inazunguka, basi. Darubini ya jua iliyoko nchi moja, magharibi ikiingia haina kazi hadi kesho. Mtandao wa GONG wa kulitazama jua una darubini sita zinazofanana: California, Hawaii, Australia, India, Visiwa vya Kanari na Chile. Kwa mmoja kunapokuchwa, kwa mwingine jua liko utosini. Hata chombo cha angani cha ACE, kilichorushwa mwaka 1997 na kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea jua, hutuma vipimo vyake vya upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, mfululizo, na antena za kuvipokea lazima zitawanywe duniani, zikiwemo za Japani na Ujerumani. Antena ya nchi moja ingekisikia nusu siku tu.

Na nusu siku ni nyingi mno. Mwanga wa mlipuko wa jua hufika kwa dakika 8, kwa hiyo redio ya HF upande wa mchana huzimika wakati uleule tunapouona. Wingu la chembe na sumaku hufuata baadaye, pengine baada ya saa 15, pengine siku tatu. Hapo ndipo watabiri wanapoumia kichwa: wanaliona linakuja, lakini sumaku yake imeelekea wapi hawajui hadi lipite kwenye vyombo vya mbele kama ACE. Ikielekea kusini, dhoruba inakuwa kali. Ikielekea kaskazini, huenda mkakesha bure. Kutoka hapo hadi duniani wanabakiwa na dakika 15 hadi 60. Mimi nikipewa dakika 60 za kubadili njia ya ndege iliyo hewani nalalamika.

Usiku wa tarehe 10 Mei 2024 ilikuja dhoruba ya G5, ngazi ya juu kabisa kwenye kipimo kingine, kile cha dhoruba za sumaku, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Matangazo yalifuatana. Tulikuwa na ndege moja ya kupita karibu na ncha ya kaskazini. Huko juu, ukivuka latitudo 82 hivi, setilaiti zilizosimama juu ya ikweta huzioni tena, na HF ndiyo tegemeo. Tukaivuta kusini. Mafuta yakaongezeka, na bosi akataka sababu kwa maandishi. Nikaandika: jua. Akairudisha, akataka maelezo zaidi. Nikambandikia tangazo lenyewe.

Alfajiri mwenzangu wa zamu ya asubuhi alifungua daftari, akasoma nilichoandika kwenye safu ya hali ya hewa, akatazama dirishani.

“Jua limefanya nini usiku kucha, na ndiyo kwanza linachomoza?”

Nikamwambia aketi, tangazo lingine linaingia.