Kasha la Unguja Kupanda Lushoto

Kati ya bandari ya Malindi, Unguja, na geti la shule juu ya Lushoto, kasha letu lililipiwa mara sita, na mara nne kati ya hizo lilitozwa zaidi ya binadamu aliyekaa kwenye kiti. Naandika kwa ajili ya kamati nyingine itakayopata wazo zuri kama letu.

Sisi wanafunzi wa zamani tulikuwa tunawaaga Mkuu wa shule na mkewe. Yeye aliongoza shule ile ya bweni miaka 19, na mkewe, tuliyezoea kumwita Madam, alikuwa mshauri wa vyuo: ndiye aliyewaandalia vijana maombi ya vyuo vya nje. Kwenye kamati yalipita yale yale ya siku zote, blanketi, vitenge, mbuzi wa ndafu, hundi ya kadibodi ya kupigia picha. Mwishowe mmoja akauliza: Madam ameandika barua za mapendekezo miaka yote hii, yeye kaandikiwa na nani? Hapo ndipo likazaliwa jambo la kila mwanafunzi wa zamani kumwandikia Madam na Mkuu barua ya mapendekezo, kana kwamba wao ndio waombaji. Zikaja barua 63. Mtu wa Unguja akasema barua 63 haziwekwi kwenye bahasha ya kaki, zinataka kasha. Tukaitikia wote, na hakuna aliyeuliza litafikaje.

Kanuni za barua zilikuwa za Madam mwenyewe. Ukurasa mmoja tu. Aya ya kwanza ieleze unamjua mtoto kwa njia gani: unamfundisha somo gani, vipindi vingapi kwa wiki, darasa lina watu wangapi. Kisha matukio mawili uliyoyaona kwa macho, yenye mahali na wakati. Maneno kama “mchapakazi” na “mwenye nidhamu” hayaruhusiwi, kwa sababu msomaji wa chuo ameshayakuta kwenye kila barua ya asubuhi hiyo. Ukitaka kusema mtoto ana nidhamu, eleza kwamba bomba la maabara lilipopasuka usiku yeye ndiye aliyekimbilia koki kuu, na kwamba alijua ilipo kwa sababu wiki mbili kabla alishauliza.

Barua lakini ni kipande kidogo cha kazi ile. Kidato cha sita kinafanya mtihani wa taifa mwezi Mei na matokeo hutoka Julai. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya mapema Novemba 1 na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo kijana asiyetaka kukaa nyumbani mwaka mzima anaomba akiwa hana matokeo, na shule ndiyo inayopeleka makadirio ya alama, rekodi ya madarasa ya nyuma na karatasi inayoeleza shule yenyewe: inasahihisha vipi, A ya pale ina uzito gani, wangapi huipata. Shule isipoandika karatasi hiyo, msomaji wa ng'ambo anaona C ya mtihani wetu na kuisoma kwa macho ya kwao, mtoto amekwisha.

Halafu kuna majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha kidato cha nne Mohammed, pasipoti ina majina mawili badala ya matatu. Madam alianza kukagua majina kidato cha tatu, kabla ya usajili wa mtihani, maana jina likishachapwa kwenye cheti kulirekebisha ni safari za ofisini na viapo vya wakili. Wengi wanadhani visa inakwama ubalozini, kumbe ilikwama miaka mitatu nyuma kwenye herufi moja. Na pesa: vyuo vinavyomchagua mwombaji wa kigeni bila kuangalia mfuko wa wazazi ni vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vikiwemo, na milango yake ni myembamba kuliko sindano. Kwingine kuomba msaada kunaweza kupunguza nafasi ya kuchaguliwa. Ukishakubaliwa, chuo kinakutumia I-20, fomu ya kuombea visa ya mwanafunzi, unalipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kisha ada ya visa, kisha mahojiano, na tiketi hujaigusa. Kule mtaani kwetu Dar, nilikosomea kutwa kabla ya bweni, haya hakuna aliyewahi kuyatamka, na walikuwepo waliokuwa na alama kunizidi. Wapo hadi leo, na nikikutana nao kituo cha daladala sijui nianzie wapi kuwaeleza.

Turudi kwenye kasha. Lilinunuliwa mtaa wa Hurumzi, Mji Mkongwe wa Unguja, kwa laki nane na nusu baada ya mabishano ya siku mbili. Mbao za msaji, urefu sentimita 110, misumari ya shaba mbele na juu, miguu minne, kidaka kidogo ndani upande wa kushoto na droo tatu chini, moja ya siri. Kilo 48 bila barua. Fundi aliyeliuza alionya mambo mawili: lisibebwe kwa vishikio vya pembeni kwa sababu vile ni mapambo, na lisifungwe likiwa na unyevu. La kwanza tulilishika.

Malindi mchukuzi alitaka elfu kumi na tano kwa mwendo wa hatua mia mbili. Boti ikalitoza kama mzigo. Bandarini Dar tukaulizwa risiti, na tunashukuru tulikuwa nayo, iliyoandikwa bei na jina la mnunuzi, maana aliyekuwa nyuma yetu na meza yake hakuwa nayo na tulimwacha palepale. Kirikuu hadi stendi ya Mbezi Luis elfu thelathini na tano. Basi la moja kwa moja la Lushoto lilikuwa limeshaondoka alfajiri, tukachukua la Moshi ambalo lingetushusha Mombo. Konda alilitazama kasha, akaligonga kwa kidole, akasema, “Hili ni abiria mwenzenu,” akatutoza nauli ya mtu mzima. Likalazwa kwenye buti. Chalinze, Segera na Korogwe zilipita bila habari, ila chai ya maziwa pale basi lilipopumzika ilikuwa bei ya chakula cha mchana.

Mombo ndipo safari ilipotuonyesha. Tulishushwa saa tisa alasiri kwenye joto la bonde, milima ya Usambara imesimama pembeni kama ukuta na kichwa chake kimo kwenye wingu. Kutoka pale hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, lami, lakini ni lami ya kona juu ya kona, bonde upande mmoja na mwamba upande mwingine, kupitia Soni yalipo maporomoko. Unapanda kama mita elfu moja. Kosta mbili za kwanza zilikataa kasha. Vijana wanne wakajitolea kulihamishia kwenye Noah ng'ambo ya barabara, wakadai elfu tano kila mmoja, na mmoja wao kazi yake ilikuwa kusema “taratibu.”

Ndani ya Noah tulikuwa tumeshakaa kumi, na mwenye gari alitaka tulipie viti vitatu ili kasha liingie. Tukakataa. Tukakubaliana elfu ishirini na tano likae kwenye keria, lifungwe mipira na turubai. Kosa letu lilianzia hapo, na si kosa la dereva. Turubai lilifunika juu na mbele, nyuma likabaki wazi ili mipira ipate pa kushika. Bawaba za kasha zilikuwa upande wa nyuma.

Soni tuliikuta ina ukungu na manyunyu, mvua nyembamba ya baridi isiyo na sauti. Mama mmoja alipandia pale na kapu la karoti, akasalimia “onga mshi,” akatazama juu ya gari, akauliza kama tumepakia maiti. Dereva akacheka hadi kona iliyofuata, sisi hatukucheka sana. Kila kona kasha lilisogea sentimita moja, tukilisikia likikwaruza bati juu ya vichwa vyetu. Noah ilisimama mara nane kushusha na kupakia, na kila iliposimama maji ya kwenye turubai yalikusanyika na kumwagikia nyuma, kwenye uwazi ule ule.

Getini tulifika magharibi. Kasha lilikuwa limelowa mgongo mzima, na ufunguo ukazunguka vizuri, tik, lakini kifuniko hakikunyanyuka. Tukavuta wawili, tukavuta watatu. Barua 63 zimo ndani, sherehe kesho saa nne asubuhi.

Mlinzi akamwita fundi seremala wa shule, mzee aliyetengeneza vitanda vya mabweni yote. Mmoja wetu alishashika bisibisi kubwa tayari kukwanyua. “Weka chini hiyo, kijana,” akasema mzee, akapitisha ukucha kwenye mwanya wa kifuniko kuzunguka pande zote nne. Mbele ukucha ulipita, pembeni ulipita, nyuma uligota. Akatueleza kwa ufupi: mbao ikinywa maji hainenepi kwa urefu, inanenepa kwa upana, kukatiza nyuzi zake. Ubao wa kifuniko umevimba ukasukuma ubao wa nyuma, na pale kwenye bawaba hapana pa kukimbilia. Tukamwomba apitishe randa. Akakataa kabisa. Ukiranda mbao iliyolowa, alisema, ikikauka itarudi ndani na mwanya utaingiza panya. Na ukikwanyua, zinazong'oka ni skrubu za bawaba, pamoja na kipande cha msaji.

Dawa yake ilikuwa jiko la mikate. Shule inaoka mikate yake kwa tanuri la kuni, na usiku tanuri likishazimwa chumba kinabaki na joto la polepole. Kasha likawekwa juu ya matofali manne ili hewa ipite chini, mgongo ukielekea tanuri, umbali wa hatua mbili. Ukilisogeza karibu zaidi, uso wa mbao unakauka kabla ya moyo wake na linapasuka kwa mstari, tena kwa mlio. Kila saa moja aliligeuza kidogo na kupima kwa ukucha. Alisugua sabuni ya mche kwenye mwanya ili litakapolegea liteleze.

Tulikaa naye pale, na hapo ndipo tuliposikia habari za Mkuu ambazo hazimo kwenye barua hata moja. Kwamba wiki nzima amekuwa akikabidhi, na makabidhiano ya shule ya bweni si kupeana mkono: ni kuhesabu magodoro, kupima mahindi na maharage stoo, kubadili watia saini benki, kukabidhi mihuri, na funguo moja moja kila mmoja na kibandiko chake. Kwamba alimpeleka mkuu mpya hadi kwenye chanzo cha maji mlimani, akamwonyesha chujio linaloziba majani kila masika, kwa sababu maji yakikatika watoto mia nne wakiwa bwenini una saa chache tu kabla vyoo havijakushinda.

Saa kumi na robo alfajiri ukucha ukapita nyuma. Mzee akaweka viganja viwili chini ya ukingo, akanyanyua bila nguvu yoyote.

Barua 58 zilikuwa kavu. Tano za chini, zilizoegemea mgongo, zilikuwa zimelowa. Mbili zilizochapwa kwa mashine ya leza zilikauka na kusomeka vizuri, ukurasa umejikunja tu. Tatu za printa ya wino zilikuwa wingu la buluu. Karatasi ya nailoni ingetosha kuziokoa zote. Tukawapigia simu waandishi watatu gizani, wawili wakatuma upya, wa tatu simu ilikuwa imezimwa, tukaiweka barua yake kama ilivyo.

Sherehe ilikwenda kama sherehe. Hotuba zilikuwa ndefu, wali ulikuwa mzuri, kwaya iliimba mara mbili zaidi ya ratiba. Kasha likafunguka mbele za watu kwa kidole kimoja. Madam akachukua barua ya juu, akaisoma yote akiwa amesimama, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, kisha akachukua ile yenye wingu la buluu, akaigeuza kwenye mwanga akitafuta jina. Akalipata. “Huyu tangu zamani hasikii habari ya leza,” akasema.

Mkuu alikuwa amechuchumaa, anahesabu misumari ya shaba kwa kidole, anagusa miguu, anavuta droo. Ile ya siri aliipata bila kuelekezwa.

“La Unguja hili.”

“Ndiyo, Mkuu. Hurumzi.”

Akamtazama mkewe, wakaanza kucheka kabla hajatuambia. Nyumba yao ya kustaafia imekamilika tangu Februari, iko Bububu, Unguja kule kule. Hatukuwauliza kwa sababu zawadi ilikuwa ya siri. Lori la kuhamisha vyombo lilikuwa linaondoka Jumanne, limejaa hadi mlangoni, na mwenye lori alishasema haongezi hata sufuria.

Jumatatu tuliteremka na kasha. Safari hii tulikata viti vitatu.