Kioo cha mbele cha pikapu yetu ya zamani
Kokoto iliyorushwa na lori karibu na Chake Chake iliacha alama ndogo kwenye kioo cha mbele cha Hilux yetu kuukuu, ile inayobeba magunia ya karafuu, na baadaye alama ile ikatoa ufa uliopita mbele ya macho ya dereva. Alama ndogo huweza kujazwa gundi maalumu, lakini ufa mrefu wa upande wa dereva hauna dawa ila kubadilisha kioo.

Kwenye magari ya zamani kama hili, kioo hushikwa na mpira. Fundi aliukata kwa kisu, maana jua lilikwisha kuukakamaza, na chini yake tukakuta jambo ninaloliona kubwa kuliko kioo chenyewe, nalo ni kutu. Hewa ya chumvi ya hapa Pemba, pamoja na maji ya mvua yanayotuama chini ya mpira, hula bati pole pole, na ukipachika kioo kipya juu ya ukingo ulioumuka kwa kutu, kitabanwa mahali pamoja na kupasuka tena. Tulipiga msasa mpaka bati likang'aa, kisha tukapaka rangi ya kuzuia kutu.

Kupachika kwenyewe kunapendeza kutazama: kioo huvishwa mpira mpya, kamba nyembamba huzungushwa ndani ya mfereji wake na kupakwa maji ya sabuni, kisha mtu wa nje husukuma kwa viganja huku fundi, akiwa ndani, akivuta kamba taratibu ili mdomo wa mpira uukalie ukingo wa bati. Tulikimwagia maji kwa ndoo, na hapakuvuja hata tone.