Simba Wawili wa Banda Street

Basi la usiku kutoka Mombasa lilinitema Nairobi alfajiri, miguu imevimba, shingo imekakamaa. Kiti nilichouziwa kwa jina la VIP hakikulala hata kidogo, na kikombe cha chai kibandani kikanila shilingi mia. Mia! Kwetu Lamu ningekunywa, nikala na mahamri, nikarudishiwa chenji.

Siku mbili za kuhangaikia stakabadhi sizisimulii. Ya tatu mvua ilinikuta Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia, nikapanda mbio ngazi za Maktaba ya McMillan, kati ya wale simba wawili wa mawe. Nilifuata paa, si kitabu.

Ndani palikuwa na mzee mmoja ameinamia juzuu la magazeti makuukuu, pana kama mlango wa kabati. Karatasi imegeuka rangi ya tangawizi. Kila akifunua, kingo zinadondosha unga mezani, naye anaukusanya kwa kiganja asije akalaumiwa. Nikachungulia. Lilikuwa Standard, gazeti lililozaliwa Mombasa 1902, likahamia Nairobi 1910. Hata gazeti lilitukimbia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Keti, lakini usiniloweshee karatasi."

Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba bibi McMillan alijenga nyumba hii kumkumbuka mumewe, ikafunguliwa 1931, kwa Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humu hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. "Nilipokuwa mtoto nikipita hapo nje," akasema, "nilidhani simba ndio wanaotufukuza." Akacheka, kisha akarudi kwenye ukurasa wake.

Mimi sikucheka. Jengo hili lina sheria yake mahsusi ya kulisimamia tangu 1938; vya kwetu havina msimamizi. Nikakumbuka sanduku la babu: tenzi alizonakili kwa khati za Kiarabu, wino mweusi, vituo kwa wino mwekundu. Hakuna kwetu anayezisoma tena. Mara ya mwisho nilipolifungua, mchwa walikuwa wamechora njia zao katikati ya beti, nikalifunga haraka kama aliyechungulia chumba cha wenyewe.

Mvua ilipoanuka nikampigia dada yangu simu nikiwa pale pale ngazini, nikamwomba aliinue sanduku kutoka sakafuni.

"Lipi?" akauliza. "Hili tulilowekea mtungi wa maji?"