Bitana ya kanga

Jumapili, usiku.

Koti limeisha. Nimelivaa jioni hii, nikatoka nalo hadi bombani na kurudi, na baridi ya Njombe ya mwezi wa saba imebaki nje. Kitambaa chake ni blanketi la mtumba, sufi tupu, la kijivu, zito. Sehemu ya nje niliishona kwa siku 2. Bitana, kile kitambaa cha ndani, imenichukua wiki 3, na ndiyo ninayotaka kuiandika kabla sijasahau mkono wangu ulipopita.

Koti la sufi lisilo na bitana linachosha. Linawasha shingo. Ukilivaa juu ya sweta linaling'ang'ania, mkono wa sweta unapanda hadi kwenye kiwiko na unabaki kuuvuta kwa vidole. Kisha ile mishono ya ndani iko wazi, kila ukivaa inaachia nyuzi mbili tatu. Kwa hiyo bitana nilijua nitaitia, swali lilikuwa kitambaa gani.

Mwaka jana mama alinigawia kipande kimoja cha doti ya kanga, kingine akabaki nacho yeye Tanga. Kanga nyekundu, mji wake, yaani katikati, una maua meupe, na jina lake WEMA HAUOZI. Sikuwahi kuivaa. Huku sufi ndiyo inayovaliwa, na kanga ile ilikaa kwenye sanduku ikinikera kila nilipofungua. Nilipompigia simu kumwambia nataka kuikata, mama alinyamaza kidogo. Yeye ni fundi, ameshona tangu sijazaliwa, anajua kitambaa kikishakatwa hakirudi. Akaniuliza, "Umeifua?" Sikuwa nimeifua. "Ifue kwanza mwanangu, itoke wanga, irudi inakotaka kurudi, ndipo uikate. Na mikono usiweke kanga, haitateleza. Mikono weka satini."

Nikaifua mara 2, maji ya mwanzo yakatoka mekundu. Ilipokauka nikaipima: urefu ulikuwa umepungua karibu sentimita 4. Ningeishona mbichi, kufua kwa kwanza tu kungelivuta koti zima ndani kama mfuko uliokazwa kamba.

Pamoja na maneno yote hayo ya mama, bitana ya kwanza, ya kitambaa cha majaribio, niliikata sawasawa na koti. Nilifikiri vitu vinavyolala pamoja vinatakiwa kulingana. Nikaibandi, yaani nikaishikiza kwa mishono mirefu ya muda, kwa uzi mweupe, nikavaa, nikanyoosha mikono mbele kama mtu anayefungua dirisha, nikasikia uzi unakatika mgongoni. Sufi inavutika kidogo mtu anapojipinda, kitambaa cha bitana hakivutiki, kwa hiyo chenyewe ndicho kinachobeba mzigo wote. Mama alipoona picha alisema neno moja tu, "Umeibana." Akanieleza: mgongoni uweke mkunjo kutoka shingoni hadi chini, uushone juu kidogo na chini kidogo, katikati uuache uwe huru. Na kwapani bitana ikatwe juu zaidi, sentimita 1 na nusu hivi, kwa sababu inapita juu ya mshono wa koti uliosimama pale. Hilo la kwapani sikuwahi kulifikiria. Nilidhani mahali panapobana panahitaji kupunguzwa, kumbe panahitaji kuongezwa.

Sasa mkunjo ule ukaniletea kazi nyingine. Nilitaka jina la kanga lionekane mgongoni, ndani, karibu na kiuno, na pindo la kanga liwe ndilo pindo la bitana. Nikatandaza kanga sakafuni, nikaikunja katikati kabisa, na mkunjo ukaimeza herufi H. Ikasomeka WEMA AUOZI. Nilikaa pale na chaki mkononi muda mrefu. Neno la kwanza lina herufi 4, la pili 6, kwa hiyo katikati ya jina haiwezi kuwa katikati ya maneno. Nikapima nafasi iliyo kati ya WEMA na HAUOZI: sentimita 4. Basi mkunjo nikaufanya wa sentimita 4 kamili, 2 huku na 2 huku, nikaisogeza kanga yote kulia hadi nafasi ile ikalala juu ya mstari wa uti wa mgongo. Maua ya pembeni hayalingani tena, upande mmoja yana ua zima, upande mwingine nusu. Nimeona ni afadhali maua yapungue kuliko jina likatike.

Kukata nilikata asubuhi, kwa mwanga mzuri, mara moja.

Kushona ni habari fupi. Cherehani yangu ni Butterfly ya miguu. Blanketi lilipita kwa sindano namba 16, lakini kwa satini sindano hiyo ilivuta nyuzi, nikabadilisha namba 11 na mshono ukalala. Bitana niliiunganisha na koti pande zote, nikaacha tundu la kama sentimita 20 kwenye mshono wa mkono wa kushoto, koti zima likageuziwa hapo, likatoka kama mtoto anavyotolewa fulana. Mkono wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto ulikuwa umejisokota, satini imezunguka ndani ya sufi mzunguko mzima, hata ngumi haipiti. Nikafumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Safari ya pili nililiweka koti likiwa limegeuzwa vizuri, nikabana mshono wa sufi na wa satini kwa pini pale mkono wa koti unapoishia, ndipo nikauvuta ukingo ule kupitia tundu na kuushona. Hapo haujisokoti. Tundu nimelifunga kwa mkono leo, kwa vishono vidogo, na kidole cha shahada bado kinauma.

Mama ametaka picha ya ndani, ya nje hakuitaka. Nikalitundika koti likiwa limegeuzwa nje ndani, nikampigia picha ya mgongo. Mkunjo ukiwa umetulia, maneno yanashikana, yanasomeka WEMAHAUOZI. Nikaweka mkono ndani na kuutanua kidogo, yakaachana, nikampigia picha nyingine. Akajibu kwa sauti, nimeisikiliza mara tatu: ametoa kipande chake kabatini, anakiloweka kesho.