Tulivyoweza kutoka na familia nzima likizo ya mwezi wa sita hapa Mwanza, bibi akiwemo

Sisi tunakaa Mabatini, kule juu mlimani ambako gari haifiki na bajaji haifiki, unapanda kwa miguu katikati ya mawe mpaka mlangoni. Anayeijua Mwanza anaelewa nasema nini. Nyumbani tupo mimi, mume wangu, Neema wa kidato cha pili, mapacha Kulwa na Doto ambao ndo kwanza wapo la kwanza, na mama mkwe wangu ambaye goti la kulia linamsumbua miaka sasa. Kila nikimwambia mtu kwamba likizo ya mwezi wa sita 2025 tulikuwa tunatoka wote, yani wote, swali linalokuja ni hilohilo, bibi mlimshushaje? Ndo maana naandika.

Zamani likizo kwetu ilikuwa hivi, watoto wanatoka na baba yao, bibi anasema nendeni tu wanangu mi nalinda nyumba, na mimi siwezi kumwacha mtu mzima peke yake kwahiyo nabaki nae. Jioni wanarudi wana stori zao, sisi wawili tunasikiliza. Ilikuwa inaniuma sana kwasababu yule mama anapenda watu, anapenda kuongea, na ziwa analiona kwa mbali tu kutoka mlangoni. Basi safari hii nikamwambia Baba Neema tugeuze, badala ya kuanza na watoto wanataka kwenda wapi tuanze na mama anaweza kukaa wapi masaa mawili matatu bila kuumia, kivuli kipo, choo kipo, gari inashushia karibu. Tukishapata hapo watoto tutawatafutia cha kufanya palepale. Watoto bwana wanacheza popote, mzee hakai popote.

Kushuka sasa. Tulikuwa tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mawe bado ya baridi na njia haina watu wengi. Neema anatangulia na kiti cha plastiki kichwani, kile cha bluu kisicho na mikono, akifika sehemu tambarare anakiweka, bibi akifika anakaa, anapumua, tunaongea, tunaendelea. Baba Neema anakaa mbele ya mama yake, ngazi moja chini, mama anaweka mkono begani kwake. Usimshike mtu mwenye goti bovu kwa nyuma ukidhani unamsaidia, akiteleza mnaenda wote. Na mtaalamu wa mazoezi alitufundisha kitu ambacho sikuwa nakijua kabisa, kushuka unatanguliza mguu unaouma, kupanda unatanguliza mguu mzima. Bibi mwanzoni alikuwa anachanganya, mapacha wakawa wanamkumbusha kwa sauti "bibi mbovu! bibi mbovu!" mpaka majirani wakazoea, mzee mmoja wa chini yetu akawa anatoa benchi mlangoni kwake akituona tunakuja, anamsalimia kwa Kisukuma "mwangaluka mayu" na bibi anakaa pale kama amefika mwisho wa safari. Tulikuwa hatumharakishi. Ile kushuka yenyewe ndo ilikuwa nusu ya matembezi, watu aliokuwa hajawaona miezi yote hiyo anawaona pale njiani.

Kile kiti tulikuwa tunaenda nacho kila mahali, kwenye daladala tunakilaza nyuma ya siti na makonda wengi hawakuwa na neno wakishaona ni cha nani.

Siku ya kutoka haikuwa jumapili. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha samaki kwa shifti, kwahiyo tulikuwa tunafuata ofu yake, iwe jumanne iwe alhamisi, na mimi cherehani yangu naifunga siku hiyo, wateja wanaambiwa mapema. Na kiukweli katikati ya wiki ndo kuzuri, hakuna msongamano.

Chakula tulibeba nyumbani. Viazi vitamu vya kuchemsha, michembe (vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa) na karanga, chai kwenye chupa, siku tukiwa na hela nakaanga sato usiku namfunga vizuri kwenye hotipoti. Usipobeba chakula hela yote inaishia kwenye chipsi na soda.

Tulianza na karibu kabisa, pale kwenye jiwe la Bismarck jirani na kivuko cha Kamanga, lile jiwe lililokaa juu ya mawe mengine majini ambalo Wajerumani walilipa jina la kansela wao. Hakuna kikubwa cha kufanya pale, unakaa, unaangalia kivuko kinaenda kinarudi, ndege wanatua juu ya jiwe. Bibi alikaa kwenye kiti chake akawa anahesabu magari yanayopakiwa. Tulitaka tu kujua goti linasemaje kesho yake, na kesho yake lilikuwa salama, basi tukapata moyo.

Kisiwa cha Saanane ndo tulikiogopa, sababu ya boti. Boti yenyewe ni dakika chache tu kutoka Kapripoint, lakini mtu wa umri ule kuingia kwenye kitu kinachoyumba si mchezo, na sisi watu wa huku ajali za majini hatuzisomi tu, MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 mama mkwe wangu alipoteza watu aliowajua. Hakuwahi kupanda boti tangu hapo. Hatukumlazimisha. Tulienda tukakaa gatini, akaangalia wengine wanavyovaa laifu jaketi na kupanda, akamuuliza kijana wa boti maswali mengi tu, hii inabeba wangapi, upepo ukija inakuwaje, na yule kijana akamjibu moja moja kwa heshima, shikamoo bibi, usiwe na wasiwasi bibi, maji yametulia. Nikasema kama hataki tunakula chakula chetu hapohapo na siku imeisha vizuri. Akanyanyuka mwenyewe akasema "Baba Neema, nivalishe." Mimi machozi yalinilenga.

Tulipanda asubuhi kwasababu kiangazi upepo wa ziwani ukianza mchana mawimbi yanakuja. Laifu jaketi kila mtu, mapacha nikazikagua mikanda mwenyewe, ikiwa kubwa inapanda mpaka masikioni omba ya mtoto, usione aibu. Pale kisiwani zamani ilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, ikaja kuwa hifadhi ya taifa 2013, na jina ni la mzee Saanane aliyekuwa mvuvi na mkulima palepale kisiwani. Watoto waliona swala pala kwa karibu, pimbi wamejaa juu ya mawe wanaota jua, kenge, na wale mijusi wenye kichwa chekundu ambao Doto aliwafukuzia mpaka akakatazwa. Baba yao akapanda nao mawe, mimi na bibi tukabaki chini ya mti karibu na maji. Hapo ndo aliponihadithia vitu vya ujana wake ambavyo miaka yote tunaishi nae nyumba moja sikuwahi kusikia. Sitaviandika, ni vya kwake.

Sasa Bujora. Hii jamani kama una mzee wa Kisukuma nyumbani usikose. Ni Kisesa, njia ya Musoma, kuna makumbusho ya Wasukuma ambayo yalianzishwa na padri David Clement kutoka Canada, na mwezi wa sita kipindi cha sikukuu ya Ekaristi kunakuwa na Bulabo, ngoma zinachezwa siku kadhaa. Mashindano yenyewe ni ya pande mbili, Bagika na Bagalu, wanacheza kwa wakati mmoja kila upande na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Kwahiyo watazamaji wanakimbia huku na huku, wakisikia upande wa pili wametoa chatu wote wanahamia huko.

Tulimweka bibi pembeni kabisa, kivulini, kati ya pande zote mbili. Akasalimiana na mzee aliyekuwa amekaa jirani yake, wakaulizana kwenu wapi, kumbe yule mzee ni Mgika na bibi baba yake alikuwa anacheza Bagalu, basi ikawa ubishi mchana kutwa! Bibi anawatuma mapacha, "kimbieni mkaangalie kule watu wangapi mje mniambie", yule mzee nae anatuma wajukuu zake, wale watoto walikimbia siku hiyo mpaka wakalala kwenye gari na viatu mkononi. Neema ambaye siku hizi simu haimtoki alikuwa amechuchumaa kwenye kiti cha bibi anauliza hii wanaimba nini, ile jembe wanarusha ya nini, na bibi anamtafsiria neno kwa neno, anamwimbia na zile ambazo hazikuimbwa siku hiyo. Baadae tukaingia kwenye lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, ndani kuna ngoma za watemi, bibi akagusa ukuta akanyamaza muda. Kwa siku ile tu mimi nasema mpango wetu ulilipa.

Ufukweni tulienda Igombe, na hapa nitaongea kirefu kwasababu ni watoto wenu na wangu. Mapacha walitaka kuoga ziwani, nikakataa, na nitaendelea kukataa. Kichocho kipo. Kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia na kwenye majani, wale wadudu wanatoka kwa konokono zaidi jua likiwa kali, yani muda uleule watoto wanaotaka kuoga, na wanapenya kwenye ngozi, haihitaji mtoto ayanywe maji. Hiki cha kwetu huku ni cha tumbo, kinaenda mpaka kwenye ini. Watoto wanapewa dawa shuleni ni kweli, wapeni, lakini dawa inaua waliopo mwilini, haimzuii mtoto kupata tena akirudi majini wiki ijayo. Sasa kumpeleka mtoto ufukweni halafu kumwambia usiguse maji ni kumtesa, kwahiyo tulibeba kidumu cha lita tano cha maji ya bomba, mpira, na kamba. Wakacheza mpira kwenye mchanga mkavu mpaka wakachoka, kamba bibi anashika upande mmoja kwenye kiti na mimi mwingine wanaruka, mwisho wakamwagiana maji ya kidumu wakapiga kelele kama wameoga ziwa zima. Hakuna aliyelia.

Na palepale Igombe wanaanika dagaa. Bibi akaomba tumsogeze kwa akina mama waliokuwa wanageuza dagaa kwenye chanja, akachukua mmoja akamvunja, akaonja, akawaonyesha wajukuu, huyu wa kwenye chanja hana mchanga, huyu wa chini ukimtafuna unasikia, na asiyekauka vizuri ukimvunja anapinda. Doto tangu siku hiyo nikirudi na dagaa kutoka sokoni lazima avunje mmoja kwanza.

Zipo siku goti lilikataa. Siku hizo hatukwenda popote na hatukumwacha, tulitoka tukakaa kwenye jiwe letu la nje, lile pana nyuma ya jiko, na chai. Kama ni giza, mwezi haujatoka, taa za wavuvi wa dagaa zinaonekana ziwani mpaka huwezi kujua mji umeishia wapi. Bibi akawa anawaeleza watoto kwamba enzi zake zilikuwa karabai sio hizi taa za sola, na kwanini mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, mwanga wa taa unakuwa hauna kazi, dagaa hawakusanyiki. Kulwa akauliza mbona hakuna aliyemwambia hayo shuleni. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwisho wa likizo ikawa Sengerema. Mama mkwe ana mdogo wake kule, walikuwa wanaonana misibani tu, maana kule kusubiri kivuko Kigongo juani kulikuwa kunamshinda. Tarehe 19 Juni daraja la Kigongo-Busisi likafunguliwa, kama kilomita tatu juu ya maji, na yeye alikuwa amelisikia redioni kila siku. Tukapanda basi, tumemkalisha dirishani, tulipokaribia akamwita dereva, "mwanangu nenda polepole basi niangalie." Dereva akapunguza mwendo, abiria wote wakanyamaza wakamwachia bibi daraja lake. Akasema tu "kumbe ni fupi hivi", yani ule umbali wote aliokuwa anauona.

Walivyokutana na mdogo wake hawakutusalimia sisi mpaka nusu saa imepita, ni kushikana mikono na kuulizana waliokufa na waliopo. Mdogo wake akanigeukia akasema "Mama Neema, desemba mnalala hapa, sitaki kusikia habari ya kurudi jioni." Tumekubaliana hivyo. Baba Neema ameshaongea na msimamizi wake kuhusu siku za mwisho wa mwaka, na mimi naanza kupokea nguo za krismasi mapema ili nizimalize kabla hatujaondoka.