Nilivyoipima linki iliyokuwa ikikata masika

Linki yenyewe, yaani njia ya mtandao isiyo na waya kati ya majengo mawili, ni fupi, mita 600 tu. Upande mmoja kuna jengo la utawala la shule ya sekondari hapa Morogoro, upande wa pili bweni la wasichana lenye chumba cha kompyuta. Nilifunga redio mbili za gigahezi 5 mwezi Januari, jua likiwaka. Nikapima kasi mara tatu, nikapata megabiti 90 kwa sekunde, nikakusanya vifaa vyangu nikaondoka.

Masika yalipoingia simu hazikukoma. "Fundi, mtandao umekata tena." Nikifika, umesharudi. Napima kasi, iko vilevile. Mara ya nne Mkuu wa Shule aliniambia kwa upole kwamba wanafunzi wameshindwa kumaliza mazoezi yao wiki nzima. Niliumia, maana kazi ni yangu. Kipimo cha kasi kilikuwa kinanionyesha sekunde kumi nilizosimama pale, na shida yao ilikuwa kwenye saa ambazo sikuwapo.

Nikaamua kuipima kwa siku 14 mfululizo. Niliweka Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) moja kila upande, zote kwa waya kwenye swichi, kile kifaa cha kuunganishia waya za mtandao. Ile ya utawala ilituma pingi, yaani ujumbe mfupi unaosubiri jibu, kila sekunde kwa anwani tatu: redio iliyo karibu nayo, redio ya ng'ambo, na kompyuta iliyo nyuma ya redio ya ng'ambo. Kwa mpangilio huo, jibu likikosekana unajua ugonjwa uko wapi. Redio ya karibu isipojibu, usihangaike na hewa. Angalia waya na umeme. Kila baada ya saa moja nilipitisha pia mzigo wa kweli kwa iperf3, programu ya kupima mtandao, megabiti 20 kwa sekunde kwa nusu dakika, kwenda na kurudi. Pingi ya kawaida ni pakiti (kifurushi cha data) ndogo sana, na linki dhaifu huweza kuipitisha huku ikiangusha zile kubwa. Jambo moja msilidharau: kompyuta zangu hizi hazina betri ya saa, kwa hiyo umeme ukikatika saa hubaki nyuma mpaka ipate muda mtandaoni. Kumbukumbu yenye saa mbovu ni kazi bure.

Msaada mkubwa kuliko yote nilipata kwa mzee mlinzi. Nilimwamkia, nikamweleza tatizo, nikamwomba aandike kwenye daftari lake la lindo mvua inapoanza na inapokatika. Hakukosa hata siku moja.

Siku ina sekunde 86,400. Siku mbaya kuliko zote zilipotea pingi karibu 2,600, yaani dakika 43. Ukisema asilimia 3 mtu haoni uzito wake, lakini dakika 43 ni kipindi kizima cha darasa. Nilipozipanga kwa saa, zikajigawa makundi matatu.

Kundi la jioni lilikuwa la umeme. Redio ya bwenini yenyewe ilionyesha imewaka dakika chache zilizopita, kumbe ilikuwa inajizima na kujiwasha umeme unaposhuka nguvu, saa za kupiga pasi. UPS ndogo, betri inayoshikilia umeme, ilimaliza tatizo.

Kwenye kundi la pili linki ilikatika kwa dakika nzima, kama imepimwa kwa rula. Nilikuwa nimechagua chaneli ambazo redio hulazimika kuzihama ikidhani imesikia rada, kisha husikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha kwenye chaneli nyingine ya aina hiyo. Nikahamia masafa yanayoruhusiwa yasiyo na sharti hilo.

La tatu ndilo nililolifuata tangu mwanzo. Nililinganisha daftari la mzee na kumbukumbu zangu: linki ililegea mvua ikinyesha, lakini iliendelea kulegea hata saa mbili baada ya mvua kukatika! Hapo nikajua mvua yenyewe haina kosa. Kwa gigahezi 5 na mita 600, matone hayapunguzi mawimbi kiasi cha kuonekana. Kilichobaki kimelowa ni majani. Katikati ya njia kuna mwembe, na nilipofunga redio niliona bweni vizuri juu yake, nikaridhika. Ila mawimbi hayapiti kama uzi. Njia yake ina umbo la muhogo, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa umbali ule unene wa katikati hufika mita 2.8 kila upande wa mstari, na angalau asilimia 60 yake inatakiwa iwe wazi. Matawi ya juu yalikuwa ndani kabisa. Majani makavu yaliniachia nguvu ya mawimbi ya desibeli -58, yakilowa, -71. Tofauti hiyo ni nguvu kupungua mara 20.

Wengine walisema tuukate. Nilikataa, maana wasichana husomea chini ya kivuli chake. Badala yake tulipandisha milingoti yote miwili kwa mita 3, tukaifunga kwa waya za chuma isiyumbe na upepo, nikaanza kupima upya siku 14 nyingine, masika yakiwa bado yanaendelea na mzee akiendelea kuandika. Mara hii mvua ilishusha mawimbi desibeli 2 tu, na siku iliyokuwa mbaya zaidi zilipotea pingi 31.

Kompyuta zile nimeziacha palepale. Kila mwisho wa mwezi natazama mawimbi yamesimama wapi, kwa sababu mwembe bado unakua.