Kabati juu ya injini

Mshale wa joto ulianza kupanda tulipoiacha Ruaha Mbuyuni. Nikauona, nikaudharau. Ukitoka Dar na kitanda, jiko la gesi, betri mbili za sola na tangi la maji la lita 100 ndani ya Coaster kuukuu, basi dogo tuliloligeuza nyumba, unazoea kuona mshale ukichezacheza.

Kitonga hauchezi na mtu. Katikati ya mlima, gia ya pili, nyuma ya lori la mafuta, tukasikia "pwaa!" na mvuke ukafoka miguuni pa mama watoto. Nikaegesha kandokando, mawe nyuma ya matairi. Traiengo, zile pembetatu za kuonya magari, zilikuwa chini ya godoro, na juu ya godoro nusu ya nyumba, kwa hiyo nikavunja matawi nikayapanga barabarani kama wafanyavyo madereva wa malori.

Kwenye Coaster injini unaifikia kwa ndani, chini ya mfuniko ulio katikati ya kiti cha dereva na cha abiria. Mimi, kwa akili zangu, nilimwambia seremala ajenge kabati la vyombo juu ya mfuniko huohuo. Akalijenga vizuri mno: skrubu kumi na nne na gundi. Nilizifungua kwa bisibisi ya jikoni, mke wangu akipokea sahani, sufuria, na kopo la sukari ambalo halikuwa na kifuniko. Hakusema neno. Ningependa aseme.

Lori lililokuwa linapanda likasimama, utingo akaruka chini. Kijana wa miaka ishirini na kitu.

"Shikamoo mzee. Imechemsha?"

"Marahaba. Imechemsha."

"Rejeta usiiguse kwanza."

Tukasubiri zaidi ya nusu saa. Mke wangu akawasha jiko, akainjika chai. Hapo ndipo raha ya kuharibikiwa ukiwa na nyumba yako.

Injini ilipopoa tukaiona: hozi ya juu ya rejeta, bomba la mpira linalopeleka maji ya moto ya injini kwenye rejeta yakapoe, imepasuka kwenye kona, ufa wa urefu wa kidole. Ingepasuka karibu na klipu, tungekata kipande kibovu na kuirudisha. Kwenye kona huwezi. Kijana akaleta tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata ukanda mrefu wa vidole viwili. Akafuta hozi mpaka ikakauka, akaanza kuzungusha mbali na ufa, akiuvuta mpira mpaka unakaribia kukatika, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliopita. Tabaka tatu. Mwisho akakaza kwa waya na koleo.

Maji tulikuwa nayo tele, ila hakuniruhusu kumimina ya baridi. Tuliyachanganya na ya birika, tukatia kidogo kidogo injini ikinguruma taratibu. Maji baridi kwenye chuma cha moto yanaweza kupasua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na hiyo siyo gharama ya kurekebishia njiani. Mfuniko wa rejeta tukauacha umeshika hatua ya kwanza tu, presha isije ikang'oa kiraka. Hita tukaifungulia yote ili isaidie kutoa joto. Katikati ya mlima, saa nane mchana, na hita!

Pesa aliikataa. Chai akanywa vikombe viwili, na mkate nusu.

Tulifika Iringa jioni kwa mwendo wa arobaini, tukisimama mara tatu kuongeza maji. Fundi wa pale alihitaji wembe kuutoa ule mpira, akauliza nani aliyeufunga. Akabadilisha hozi zote mbili, ya juu na ya chini, nikanunua na nyingine za akiba pamoja na klipu zake. Zinakaa mlangoni, na spana, na traiengo, na tyubu mbili za baiskeli.

Kabati sasa lina bawaba. Linalala upande kwa kuvuta komeo moja. Ila sukari bado inatoka kwenye reli ya kiti kila tukifunga breki.